Mwalimu, hiki kifungu kimepangwaje? Barua zenu na majibu

Wasomaji wangu, barua za safari hii zimekuja nyingi na karibu nusu zinagusa jambo moja, namna ya kujua mwandishi wa habari za kuelimisha kaipangaje habari yake. Sisemi hadithi wala riwaya, nasema makala za sayansi, historia, afya, jiografia, vile vifungu vinavyokuja kwenye ufahamu na ufupisho. Nimechagua barua tano, majina nimeyaacha pembeni, na jibu la kwanza ni refu kwa sababu ndo lenye mzigo, mengine yanaegemea hapo.

*Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko darasa la sita hapa Morogoro. Alipewa kifungu kuhusu sangara wa Ziwa Victoria, swali la mwisho likasema "mwandishi amepanga habari yake kwa namna gani?" Akajibu "kwa mfuatano wa wakati" maana kifungu kimeanza na miaka ya 1950 kikaenda mpaka miaka ya 1980. Akakosa. Mimi nimekisoma mara tatu na naona mtoto yuko sahihi, si miaka imepangwa? Naomba unisaidie kabla sijaenda kuonana na mwalimu wake.*

Marahaba mama. Mwalimu wake yuko sahihi, lakini kosa la mtoto ni la akili, siyo la uvivu, na ningependa umwambie hivyo kabla ya yote. Ameona miaka akaifuata. Shida ni kwamba miaka inakaa kwenye kila aina ya habari, hata kwenye risiti ya duka kuna tarehe, kwa hiyo miaka peke yake haitoshi kukuambia habari imepangwaje.

Hebu tukiangalie hicho kifungu maana umenitumia picha yake na inasomeka vizuri. Aya ya kwanza inasema sangara si mwenyeji wa ziwa lile, alipandikizwa kwenye miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili wavuvi wapate samaki mkubwa, akakaa kimya miaka mingi halafu miaka ya 1980 akaongezeka kupita kiasi. Aya ya pili inasema furu, vile visamaki vidogo vilivyokuwa vya aina mamia, wakaliwa, na aina nyingi zikapotea kabisa. Aya ya tatu inaenda nchi kavu, kwamba furu na dagaa walikuwa wanaanikwa juani tu wanakauka, lakini sangara ana mafuta mengi, jua halimuwezi, lazima akaushwe kwa moshi au akaangwe, basi kuni zikahitajika na miti ya kandokando ya ziwa ikakatwa. Aya ya nne inasema vikaja viwanda vya minofu, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na wenyeji wengi wakabaki na kichwa na mifupa, ile ambayo Mwanza wanaita mapanki na Kisumu wanaita mgongo wazi.

Sasa mama, fanya hivi na mtoto. Mwisho wa kila aya simameni, mtoto ajiulize kwa sauti, "hapa mimi msikilizaji ningeuliza nini ili mwandishi aendelee?" Maana mwandishi mzuri anajibu swali ambalo wewe bado hujalisema. Baada ya aya ya sangara kuongezeka, swali linalokuja mdomoni ni "kwa hiyo?" Kwa hiyo furu ikawaje, kwa hiyo miti ikawaje, kwa hiyo watu wa pale ziwani ikawaje. Aya zote tatu zinazofuata zinajibu "kwa hiyo?" ileile. Hapo umeshapata, ni sababu na matokeo. Ingekuwa mfuatano wa wakati swali lingekuwa "halafu?"

Kwa kweli mimi nimefundisha hivi miaka mingi na naona maswali matano yanatosha, na yote ni maneno ambayo mtoto anayo tayari tangu hajajua kusoma. "Halafu?" ni mfuatano. "Kwa hiyo?" ni sababu na matokeo, na likigeuka likarudi nyuma linakuwa "kwa nini?", ni familia moja. "Na mwenzake je?" ni ulinganisho. "Sasa tufanyeje?" ni tatizo na suluhisho. "Kikoje?" ni maelezo ya kitu kilivyo, umbo lake, sehemu zake, tabia zake. Mtoto akiyashika haya hahitaji kukariri ile orodha ndefu ya viunganishi.

Na kuhusu hiyo orodha niseme kitu maana inanisumbua moyo. Watoto wanakaririshwa kwamba ukiona "kwanza, pili, kisha" ni mfuatano, ukiona "kwa sababu" ni sababu na matokeo, na mtihani ukija wanawinda maneno badala ya kusoma. Kiswahili chetu hakikubali kuwindwa hivyo. "Kwanza" tunaitumia hata tukipinga, "kwanza mimi sikuwepo", hapo hakuna mfuatano wowote. "Kwanza... pili... tatu" inaweza kuorodhesha sababu tatu zilizotokea siku moja. Na kubwa kuliko yote ni ile -ka-. Sikiliza, "sangara akaongezeka, furu wakapungua, miti ikakatwa". Hiyo -ka- inasema halafu au inasema kwa hiyo? Inabeba vyote viwili. Mtu akisema "alikunywa maji ya mtoni akaugua" hakuna Mswahili anayesikia tu kwamba kuugua kulikuja baadaye, tunasikia kwamba maji ndo yamemuuguza. Mwanao aliisikia -ka- upande wa "halafu" peke yake. Ndiyo maana nasema kosa lake ni la mtu anayesikiliza.

Kipimo cha pili akitaka kuhakikisha, ajaribu kuhamisha aya. Ya miti na ya viwanda vya minofu unaweza kuzibadilishana nafasi na kifungu hakiumii, kwa sababu ni matokeo mawili ya kitu kimoja na yalikuwa yanatokea kipindi kilekile. Mfuatano haukubali hivyo. Lakini hebu peleka ile aya ya sangara kuongezeka iwe ya mwisho, kila kitu kinaning'inia hewani. Ukikutana na mwalimu wake mama, msalimie tu na umshukuru.

*Hujambo mwalimu. Niko kidato cha nne Kakamega. Shida yangu ni ufupisho. Naambiwa nifupishe kwa maneno 50, nikimaliza niko na 90, nikipunguza napata nimetoa mambo ya maana nikabakisha mifano. Rafiki yangu anasema nichukue tu sentensi ya kwanza ya kila aya. Hiyo inafanya?*

Sijambo mwanangu. Inafanya siku moja, siku ya pili inakuangusha, maana kuna waandishi wanaoanza aya na mfano au na swali na hoja yenyewe wanaiweka mwisho. Usianze kuhesabu maneno kabla hujajua mifupa ya kifungu. Anayejua mifupa iko wapi anajua pa kukata.

Tuseme kifungu kinahusu Mlima Kenya na Kilimanjaro. Ni ulinganisho, hilo utaliona kwa "na mwenzake je?" Lakini ulinganisho unapangwa kwa njia mbili na hapa ndo wengi wanapopotea. Kuna mwandishi anayemaliza mlima mmoja wote, aya mbili nzima, kisha anaanza wa pili. Kuna mwingine anakwenda hoja kwa hoja, urefu wa huyu na wa yule, asili ya huyu na ya yule, upandaji wa huyu na wa yule. Ukifupisha kwa kufuata aya, ule wa kwanza utakupa mafupisho mawili yaliyobandikwa pamoja, na ndiko maneno 90 yanakotokea, kwa sababu kila linalofanana umelisema mara mbili.

Chora mstari katikati ya karatasi ya kuchorachora. Upande huu Kilimanjaro, upande huu Mlima Kenya. Kinachofanana kiandike juu, mara moja tu. Kinachotofautiana kiandike kila kimoja upande wake. Ukimaliza utapata kitu kama hiki: "Milima yote miwili ilitokana na volkano na iko karibu na ikweta. Kilimanjaro una mita 5,895 na mtu hufika kileleni kwa miguu. Mlima Kenya una mita 5,199 na kilele chake cha Batian hupandwa kwa kamba." Hesabu, ni maneno 34, una nafasi ya kuongeza hoja moja au mbili. Rangi ya theluji asubuhi, jina la mpanda mlima fulani, bei ya kupanda, hizo ni nyama, zikibaki nje hakuna anayekulaumu.

Na ukikuta kifungu cha mlima mmoja tu kinachoanza chini kwenye mashamba ya kahawa na migomba, kinapanda kwenye msitu, kinatoka kwenye vichaka vya baridi, kinaingia jangwa la mawe mpaka barafu, usije ukasema ni mfuatano wa wakati. Hakuna saa inayotembea pale, ni macho yanayopanda. Hayo ni maelezo ya "kikoje?" yaliyopangwa kwa mahali. Nimesahihisha karatasi nyingi sana zenye kosa hilo ndo maana nakutajia.

*Mwalimu mwenzangu habari za kazi. Nafundisha Tabora. Wanafunzi wangu mfuatano na ulinganisho wanaweza, ila sababu na matokeo na tatizo na suluhisho wanachanganya kila siku, na nikiwa mkweli hata mimi kuna vifungu nashindwa kuwaambia ni kipi. Unatenganishaje?*

Nzuri mwenzangu, na asante kwa kuandika wazi hivyo. Hizi mbili zinafanana kwa sababu kila tatizo lina sababu zake, kwa hiyo sababu na matokeo mara nyingi inaishi ndani ya tatizo na suluhisho kama kokwa ndani ya embe.

Mimi natenganisha kwa swali moja, je kuna mtu anayeinuka kufanya kitu? Chukua habari ya gugumaji pale Ziwa Victoria. Asili yake Amerika ya Kusini, likaonekana ziwani kuelekea mwisho wa miaka ya 1980, likatanda, mitumbwi ikashindwa kutoka, nyavu zikanaswa, samaki wa pwani wakakosa hewa na mwanga. Mpaka hapo ni kwa hiyo, kwa hiyo, kwa hiyo. Mwandishi akiishia hapo ni sababu na matokeo. Lakini akiendelea kwamba watu waliling'oa kwa mikono, zikaletwa mashine, kisha miaka ya 1990 wakaachiliwa mbawakavu wadogo wanaokula gugumaji peke yake, na akaeleza kipi kilisaidia na kipi hakikusaidia, basi yote ya mwanzo yalikuwa yanaandaa njia ya "sasa tufanyeje?" Hiyo ni tatizo na suluhisho hata kama neno "suluhisho" halimo.

Darasani nilikitengeneza kifungu hicho nikakipiga fotokopi, nikakata aya moja moja kwa wembe, nikachanganya vipande na kuvigawa kila meza. Vipande vitano tu. Meza ya mbele wavulana wawili walibishana karibu kipindi kizima juu ya kipande kimoja, kile kinachosema mbolea kutoka mashambani na maji taka ya mijini yanalilisha gugu likue haraka. Mmoja alikiweka juu kabisa, anasema ndiyo chanzo. Mwingine alikiweka baada ya mbawakavu, anasema kinaeleza kwa nini gugu lilipungua likarudi tena. Nikawaacha. Msichana mmoja wa meza ya pili akaja akasoma kipande kwa kidole, akaonyesha neno "bado", kilikuwa kimeandikwa "maji haya bado yanalilisha gugu", akasema kama ni bado basi kuna jambo lilishafanyika kabla. Yule wa kwanza mwenyewe akakihamisha. Sikuwahi kupata somo la viunganishi lililokaa vichwani mwao kama lile la neno "bado", na halimo kwenye orodha yoyote ya viunganishi ninayoijua.

Vile vifungu unavyoshindwa kuvipa jina, mara nyingi ni mchanganyiko halisi na wewe huna kosa. Kitabu cha historia kikieleza vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani kinaanza na kwa nini watu walikasirika, kulazimishwa kulima pamba, kodi, viboko, kinaingia kwenye mapigano ya 1905 mpaka 1907 kwa mfuatano, kinaishia na Wajerumani kuchoma mashamba na maghala na njaa iliyoua watu wengi. Hapo mna kwa nini, halafu, na kwa hiyo, zote tatu. Waruhusu waandike zote kwenye pambizo, aya kwa aya, kisha waamue kifungu kizima kinaelemea wapi, waangalie kichwa cha habari kimeahidi nini na aya nyingi zimetumika wapi. Na ukitunga mtihani, tafadhali usiulize "muundo ni upi" kwa kifungu chenye tatu ukategemea jibu moja.

*Jambo mwalimu. Mimi ni mama, nilitoka Uvira, sasa tuko Marekani miaka mine. Mtoto wangu yuko darasa la ine na mwalimu wake anasema kwenye kusoma hajui kuonyesha namna habari imepangwa. Kingereza changu ni kidogo. Nitamusaidia namna gani nyumbani wakati mimi mwenyewe siwezi kusoma vitabu vyake?*

Jambo sana mama, na pole na safari ndefu. Nikwambie kwanza kwamba wanachomdai mtoto siyo kitu kidogo lakini kinajulikana wazi. Majimbo mengi ya huko yanafuata mwongozo wa masomo uliotolewa 2010 au yameurekebisha kidogo, na katika mwongozo huo mtoto wa darasa la nne anatakiwa aseme habari imepangwa kwa wakati, kwa ulinganisho, kwa sababu na matokeo, au kwa tatizo na suluhisho. Darasa la tano atapewa habari mbili alinganishe mipangilio yake. Walimu wengi wanaongeza na ile ya maelezo.

Kiingereza chako hakina shida hapa. Kupanga mawazo hakuna lugha, mtoto akikuweza kwa Kiswahili cha nyumbani, shuleni atabadilisha maneno tu. Na darasa lako liko jikoni. Siku ukipika sombe, ile sisi huku tunaita kisamvu, mwite. Muulize "halafu?", akueleze majani yanatwangwa, yanachemshwa muda mrefu, ndipo vinaingia kitunguu na mafuta ya mawese. (Najua huko mnanunua yaliyotwangwa tayari kwenye friza, mwambie kule Uvira yalitwangwaje kwenye kinu, asikie sauti yake.) Muulize "kwa nini tunachemsha muda mrefu hivi?", naye ajue kwamba majani ya muhogo mabichi yana sumu, na kutwanga na kuchemsha ndiko kunakoitoa. Muulize "na mwenzake je?", sombe na lengalenga (mchicha), kipi kinaiva haraka, kipi kinatwangwa na kipi hakitwangwi. "Kikoje?", akielezee mtoto mwenzake ambaye hajawahi kukiona. Chumvi ikizidi, "sasa tufanyeje?" Sufuria moja mama, na maswali yote matano yamepita.

Kisha mwambie achukue kitabu chake cha shule akusomee kwa Kiingereza, na mwisho wa kila aya akuambie kwa Kiswahili ni swali gani kati ya yale matano limejibiwa. Wewe huna haja ya kuelewa kila neno. Akisita, au akikujibu mbio bila kufikiri, utamjua, ni mwanao. Mwalimu wake naye mpelekee habari kwamba nyumbani mnafanya hivi, akijua atamuunga mkono.

*Mwalimu mambo. Mimi msomaji wa magazeti tu, niko Dar, sina mtihani. Nimesoma majibu yako ya nyuma kuhusu mfuatano nikajiuliza, mbona habari za gazetini zinaanza na mwisho? Wanasema watu wamekufa, chini huko ndo wanakuja kusema gari liliondoka saa ngapi.*

Poa, na umeona vizuri. Huo ni mpangilio wa habari motomoto, waandishi wanauita piramidi iliyogeuzwa, kitako juu na ncha chini. Kilicho kizito kinatangulia, kisha kinachokielezea, kisha vidogovidogo. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, hakuna mwandishi ambaye angeanza na meli kuondoka Bukoba jioni. Mtu mwenye ndugu ndani ya meli anataka kwanza kujua imezama, wapi, na wangapi wamepona. Meli ilipita bandari gani na ilipakia nini vinakuja baadaye, ingawa kwa saa ndivyo vilivyotangulia.

Sababu nyingine ni ya chumba cha habari. Nafasi ikipungua mhariri anakata kutoka chini, na kwa kuwa chini kuna vidogovidogo, habari inabaki nzima. Ukitaka kuhakiki, kesho chukua gazeti, soma habari ya ukurasa wa mbele hadi katikati, funika sehemu ya chini kwa kiganja, ujiulize kuna kitu kikubwa umekosa? Fanya hivyohivyo na makala ndefu ya kurasa za ndani, ile ya afya au ya historia, utaona hapo kiganja chako kimefunika jambo ambalo mwandishi alikuwa anakupeleka tangu mwanzo.